Tandu wangu ananukisha chumba kizima, nakosea wapi?

Wiki mbili hizi simu yangu imejaa tandu. Nilipogusia kidogo tu habari ya kufuga wadudu wasiozoeleka nilidhani mtaniuliza kuhusu jongoo, maana jongoo mpole, unampa kipande cha tango na majani makavu maisha yanaenda, kumbe watu wangu mmeshafika mbali. Nimechagua maswali matano. La kwanza nalijibu kwa kirefu kwa sababu humo ndani kuna makosa ya wote, na yangu ya zamani yamo.

Shikamoo anko. Mi niko Tanga, nafuga tandu mwezi wa tatu sasa, yule mkubwa mwenye miguu ya bluubluu, nilimkuta chini ya gogo shambani kwa babu. Nimemweka kwenye dishi la plastiki lenye kifuniko, chini nimeweka udongo wa bustani. Tatizo dishi linanuka balaa. Kila Jumamosi namwaga udongo wote naosha kwa sabuni ya unga na jiki kidogo, naweka udongo mpya, ikifika Jumatano harufu imerudi palepale. Sasa naona vidudu vyeupe vidogo sana vinatembea juu ya udongo. Mende nampa watatu kila siku. Siku ya 9 leo hajagusa chakula, kajichimbia chini hatoki. Ndo anakufa?

Marahaba mjomba. Shusha pumzi kwanza. Kwa ulivoeleza sioni tandu anayekufa, naona tandu anayejiandaa kujivua gamba (sio lile la wanasiasa) na naona kijana anayechoka kuosha dishi bure.

Tuanze na harufu. Tandu mzima hana harufu ya kusema, kinyesi chake ni vipunje vidogo vyeusi, vikikauka unavifuta na tishu habari imeisha. Kinachonuka ni mende wako. Piga hesabu mwenyewe, watatu kwa siku ni 21 kwa wiki, na tandu mkubwa mlo mmoja wa saizi nzuri unamtosha wiki nzima, hata siku 10 anapita bila kulia njaa. Hao wengine wameenda wapi? Baadhi anawakamata anawavuta shimoni, anakula laini anabakisha mabawa, miguu na tumbo lililopasuka, vinaozea huko chini kwenye unyevu ambako we huvioni. Wengine wamejifia pembeni, na wengine wako hai wanajisaidia humo humo. Yani we unasafisha nyumba kila Jumamosi lakini anayechafua ni mkono wako kila jioni.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya usafi ni kupunguza sahani. Mlishe mara moja kwa wiki, jioni giza likiingia maana ndo muda wake wa kutoka, umpe mdudu mmoja, umponde kichwa kabla hujamweka, unamshika na kibano kirefu unamlaza juu ya kipande cha gome au kifuniko cha chupa ya soda, sio juu ya udongo. Asubuhi unapita. Kama kala, unaokota mabaki, kama hajala unatoa mdudu mzima unatupa, usijiambie eti atakula baadaye. Kazi hiyo haifiki dakika mbili, na ukiifanya kila baada ya mlo hutanusa kitu. Ukitaka kujua kama unamzidishia, mwangalie mgongoni: zile pande zake ngumu zikiwa zimeachana mpaka unaona ngozi laini ya katikati imetanuka, huyo kashiba kupita kiasi, ruka wiki.

Sasa jiki na sabuni ya unga, acha leo hii. Tandu hana ile nta ya juu ya ngozi ambayo wadudu wengi wanayo ya kuzuia maji yasitoke mwilini, ndo maana anakaa chini ya magogo na mawe, ukimweka pakavu anakauka kama mboga ya juzi. Na matundu yake ya kupumulia yako ubavuni, anatembea tumbo likigusa chini, kwa hiyo mabaki yoyote ya dawa kwenye plastiki yanamfikia moja kwa moja. Ukilazimika kuosha dishi tumia maji ya moto sana na brashi, penye utando uliogoma weka siki kidogo, suuza mara tatu, anika juani mpaka pakauke kabisa. Na kuosha huko sio kila Jumamosi! Udongo wote unabadilisha kila baada ya miezi minne mpaka sita, ukitokea mkosi wa ukungu au utitiri ndo unawahi. Kila ukimwaga udongo unabomoa mashimo yake, mnyama anaanza kujenga upya, na mnyama ambaye hajatulia hali.

Udongo wa bustani nao una mashaka. Unajuaje kama babu hajaweka mbolea au hajapulizia nyanya? Nenda kwa wanaouza miche ya bustani uulize kokopiti, yale makumbi ya nazi yaliyosagwa, Tanga huko makumbi yapo mpaka ya kuwashia moto. Loweka, kamua kwa mkono mpaka ukibana lisidondoke tone lakini kiganja kibaki na ubichi, ndo unyevu wenyewe huo. Jaza kina cha sentimita 10 hadi 15 ajichimbie, upande mmoja mwagia maji mara kwa mara, upande wa pili acha uwe mkavu kiasi, yeye atachagua. Watu wakisikia tandu anapenda unyevu wanageuza dishi kuwa jaruba la mpunga, ukungu unaota siku ya tatu. Weka na kisahani kifupi cha maji chenye vijiwe ndani, badilisha maji kila siku ya pili.

Hao weupe sasa. Usikimbilie kuwaua kabla hujawajua. Wapulizie pumzi kidogo: wakirukaruka kama punje za bisi, hao ni marafiki, wanakula ukungu na uozo, wafugaji wengine wanawanunua kabisa wawe watu wa usafi. Wakiwa viduara, wanatambaa polepole na wamejazana kwenye mende aliyekufa, au mbaya zaidi umewaona kwenye viungo vya miguu ya tandu, huo ni utitiri, umeletwa na chakula kinachooza. Hapo wahenga walishasema, mtupa jongoo hutupa na mti wake. Udongo wote nje, gome nje, kila kipande cha mti nje, usionee huruma lile gogo zuri ulilolitoa shamba. Tandu unamhamishia kwenye dishi safi lenye tishu iliyoloweshwa tu na kisahani cha maji, anakaa siku kadhaa, unabadilisha tishu kila siku.

LAKINI sio sasa hivi. Kama ni utitiri na tandu yuko chini anajivua, subiri, we toa mabaki ya juu kwa kibano na uache kuongeza chakula. Dalili za kujivua ndo hizo ulizonipa mwenyewe, kagoma kula, kajichimbia, na nina hakika kabla hajazama rangi yake ilikuwa imefifia na mwili umejaa. Anaweza kukaa huko wiki mbili tatu, wakati mwingine zaidi. Akitoka gamba anakuwa laini, kapauka, hata yale makucha yake ya sumu hayajakomaa, na hapo mende mmoja aliye hai anaweza kumtafuna YEYE. Tandu wengi wa wafugaji wageni wanakufa hivo, mwenye nyumba analaumu ugonjwa kumbe kaingiza mlaji chumbani kwa mzazi. Kwa hiyo leo hii kagua, toa kila mende anayetembea humo. Akishajivua atakula gamba lake mwenyewe, usilitoe eti unafanya usafi, mle ndani kuna lishe anarudisha. Baada ya siku 7 hadi 10 ngozi ikiwa imekaza ndo unampa kitu kidogo kilichokufa.

Siku ya kumhamisha ikifika, usimshike kwa mkono na usimbane katikati na kibano, miguu inakatika. Weka dishi lake ndani ya beseni kubwa la kufulia, kavu, la kuta ndefu. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata shingo, izungushie kitambaa cheusi, ilaze mbele yake, halafu kwa brashi ya rangi yenye mpini mrefu mguse taratibu nyuma. Tandu akiona shimo la giza anaingia mwenyewe kama mwanafunzi aliyechelewa. Unaziba mdomo wa chupa, umemaliza. Mara ya kwanza mikono itatetemeka, kawaida.

Salaam aleikum. Mimi ni mama wa Mombasa, kijana wangu wa kidato cha pili ameleta tandu nyumbani na babake amekubali, mimi sijakubali ila nimeshindwa kura. Anamlisha mende wa jikoni. Mwezi uliopita tulipuliza dawa ya mende nyumba nzima, sasa nauliza je huyu mdudu atakufa, na je mwanangu yuko salama kwani anatia mkono ndani kubadilisha maji?

Aleikum salaam mamangu. Mende wa jikoni baada ya kupuliza dawa ni sumu inayotembea. Yule anayejikokota, anayezunguka akiwa chali, ndiye rahisi kumkamata na ndiye aliyekunywa dawa, mtoto anamwona amepata bahati kumbe anampelekea mnyama wake sumu. Hata kama hamjapuliza nyie, jirani kapuliza, na mende hana mpaka wa nyumba. Mwambie aache kabisa mende wa ukutani na panzi wa shamba la watu. Atafute nyenje wa kufugwa, siku hizi wako wafugaji wa nyenje wa chakula cha kuku na samaki, achukue wachache awaweke kwenye ndoo yao wenyewe, awape karoti na sukuma wiki siku moja au mbili kabla ya kumlisha tandu, kwani kilichomo tumboni mwa nyenje ndicho tandu anachokula. Ndoo ya nyenje nayo isafishwe, ikinuka ile, na dishi litanuka.

Siku ya kupuliza dawa, tandu atoke nje ya nyumba kabisa na dishi lake, arudi mkishafungua madirisha na hewa imebadilika vizuri. Na yeye mwenyewe kijana akishapaka dawa ya mbu mikononi asiguse chochote cha humo.

Kuhusu mkono, hapo niko upande wako mama. Tandu hang'ati kwa mdomo, jozi yake ya kwanza ya miguu imegeuka makucha yenye sumu, yako chini ya kichwa huyaoni, na anageuka haraka kuliko jicho la mtoto. Kule nyuma ile jozi ya mwisho ndefu nayo anaitumia kushikilia, kwa hiyo hana upande salama. Hakuna tandu aliyezoea mtu. Kisahani cha maji atoe kwa kibano cha sentimita 30, au ajaze maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano akiwa kifuniko kakifungua kidogo tu upande mmoja. Na kabla hajafungua, amtafute kwa macho. Kama hamuoni tandu yuko wapi, hafungui. Nyumbani kwangu sheria ni hiyo. Dishi likae juu ya kabati ambalo wadogo zake hawafiki, na akimaliza anawe mikono kwa sabuni, hiyo sabuni ndo mahali pake.

Kaka habari, niko Leicester Uingereza, nina tandu wa dukani wa Asia ana sentimita 18. Huku baridi, nimemwekea mkeka wa umeme chini ya tangi la kioo lakini anapanda juu tu kwenye kona. Na dukani wananiambia nimpe panya wachanga wa kugandishwa.

Nzuri ndugu yangu. Mkeka toa chini. Tandu akisikia joto limezidi akili yake inamwambia chimba, huko chini ndiko kwenye ubaridi, sasa we umeweka jiko huko huko, anachimba anaungua ndo maana kakimbilia juu. Bandika mkeka ubavuni, upande mmoja tu, na kidhibiti joto, ukilenga nyuzi 22 mpaka 28. Hita za nyumba wakati wa baridi zinakausha hewa vibaya, kwa hiyo mwagia maji upande wake wa unyevu mara nyingi kidogo kuliko majira ya joto. Na hiyo kona anayopanda iangalie sana: kioo chenyewe hapandi, ila ile gundi ya silikoni ya kwenye maungio anaipanda kama ngazi.

Panya wachanga sio lazima. Anaweza kumla, ndio, lakini panya aliyebaki nusu kwenye tangi lenye joto ukimsahau usiku mmoja utajuta, ni mafuta na damu kwenye udongo, na utitiri unakuja mbio. Mimi ningempa mara moja kwa miezi kadhaa au nisimpe kabisa, wadudu wanatosha. Ukinunua nyenje wale wa kwenye kopo usimimine kopo zima ndani, kopo hizo chini huwa kuna uchafu na utitiri, mchukue mmoja mmoja kwa kibano.

Niko Morogoro, nina tandu wawili. Nataka kuwaweka dishi moja ili nisafishe mara moja tu.

Utasafisha mara moja kweli, maana kesho utakuwa na mmoja, mnene. Tandu ni mlaji wa wenzake. Kila mtu na dishi lake. Na kama siku moja utamkuta jike kajikunja kazungushia mayai, acha usafi wote, usifungue fungue, akibughudhiwa anayala.

Anko mimi tandu amenitoroka tangu juzi usiku, na kabla hajatoroka kanig'ata kidole. Nimepaka mafuta ya taa na kitunguu saumu, shangazi anataka kunichanja kwa wembe. Nifanyeje? Dar.

Pole sana mdogo wangu. Mwambie shangazi kwa heshima zote aweke wembe chini. Usichanje, usifunge kamba, mafuta ya taa rudisha kwenye jiko. Hapo hapo unapoumwa unachotakiwa ni kuvua pete kabla kidole hakijavimba, unaosha kwa maji na sabuni, unatumbukiza kidole kwenye maji ya moto ya kuvumilika, yasizidi nyuzi 45, dakika 20 hivi, maji uyajaribu kwanza kwa mkono MZIMA kwani ule ulioumwa unaweza kukudanganya ukajiunguza. Maumivu yanapungua kwa wengi. Paracetamol unaruhusiwa. Kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi ni maumivu makali na uvimbe unaoisha siku moja mbili. Lakini ukiona pumzi inabana, uso au midomo inavimba, kutapika, kizunguzungu, vipele mwili mzima, au aliyeumwa ni mtoto mdogo, hospitali muda huo huo, sio kesho. Kwako leo ni siku ya tatu, kama wekundu unapanda mkononi au kidole kinatoa usaha nenda kaangaliwe, na uulize sindano ya pepopunda mara ya mwisho ulichoma lini.

Na mtoro. Kwanza nani alitoboa matundu ya kifuniko? Tandu anajibana bapa, kichwa kikipita na yeye wote anapita, kwa hiyo matundu yawe madogo kuliko kichwa chake, tumia msumari mwembamba uliopashwa moto, na kifuniko kiwe cha klipu, sio cha kubandika. Kutoka juu ya udongo mpaka kifuniko pawe na nafasi kuzidi urefu wake mara moja na nusu, vinginevyo anasimama anasukuma.

Wa kwangu alitoka kwa ujinga wangu, simu iliita nikiwa nabadilisha maji, nikaegesha kifuniko nikasema nakuja. Nikapekua vitanda, viatu, makabati, nimeinua friji, hakuna. Usiku wa tatu ndo akili ikaja, huyu anatafuta maji, nyumba nzima sakafu ya vigae kavu, atakwenda wapi? Nikaloweka tambara la kudekia, nikalikunjakunja nikaliacha kwenye kona ya mlango wa bafu, taa nikazima. Saa 11 alfajiri nikaenda na tochi na ile chupa yangu ya kitambaa cheusi, nikainua tambara kwa fimbo ya ufagio, huyo hapo, kajilaza katikati ya ubaridi anachezesha vipapasio vyake. We fanya hivo hivo leo usiku, tambara mbili, moja bafuni moja jikoni chini ya sinki, na mpaka apatikane kila mtu akung'ute viatu na shuka kabla ya kutumia, na asitembee pekupeku.

Mama watoto siku hizo tatu alihamia kwa dada yake Mbagala. Aliporudi hakuniuliza tandu yuko wapi, aliuliza kifuniko kina klipu ngapi. Kilikuwa na mbili. Sasa hivi kina nne na tofali juu.